Wasomaji Wanauliza: Baiskeli Mbili, Hema Moja na Baridi ya Aprili

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Silver Spring, katika jimbo la Maryland, na huu ni mwaka wetu wa kumi na moja hapa. Mwaka huu tunatimiza miaka kumi na mitano ya ndoa, na badala ya kufanya sherehe tumekubaliana kuendesha baiskeli kutoka Pittsburgh hadi Washington, tukilala kwenye hema njiani, huku watoto wakibaki kwa mama yao mdogo. Safari tumekubaliana, tarehe hatujakubaliana. Mwenzangu anataka tuondoke juma la kwanza la Aprili kwa sababu ndipo alipopewa likizo, nami naona tusubiri walau hadi tarehe 20 ipite. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na hata baada ya miaka yote hii, baridi ikianza mimi ndiye wa kwanza kutafuta soksi. Nimelala kwenye hema mara mbili tu maishani, zote mbili mwezi wa Julai. Naomba uniambie ukweli: je, safari hii inamfaa mtu kama mimi, na nijiandae vipi ili usiku nisiteseke?

Msomaji, Silver Spring, Maryland

JIBU: Dada yangu, safari inakufaa, na katika ubishi wa tarehe haki iko upande wako, ingawa si kwa sababu uliyoitaja. Baridi ya mwanzo wa Aprili huvumilika kwa mtu aliyejiandaa. Kinachoamua ni vitu viwili visivyojali ujasiri wa mtu: mlango wa handaki na mpini wa pampu.

Kwa wasomaji wasioijua, njia hii kwa kweli ni njia mbili zilizounganishwa. Ya kwanza, iitwayo Great Allegheny Passage, inatoka Pittsburgh hadi Cumberland, kilomita 241, juu ya matuta ya reli za zamani zilizong'olewa. Ya pili inaufuata mfereji wa Chesapeake and Ohio, kilomita 297 kutoka Cumberland hadi Georgetown, ndani ya jiji la Washington, na hapo mtu anapita palepale walipopita nyumbu wakivuta mashua za makaa ya mawe hadi mfereji ulipoacha kazi mwaka 1924. Jumla inakaribia kilomita 540, na karibu zote hazina magari.

Handaki ninalolisema ni la Big Savage. Lina urefu wa takribani kilomita moja na liko Pennsylvania, kilomita chache kabla ya mpaka wa Maryland. Majira ya baridi hufungwa kwa milango mikubwa ili maji yanayochuruzika ndani yasigande na kupasua kuta, na kwa kawaida hufunguliwa mwanzoni mwa Aprili, hali ya hewa ikiruhusu. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kuangaliwa. Ukilikuta limefungwa, hakuna kichochoro cha kupitia pembeni. Unabaki na barabara za magari zinazopanda na kuteremka mlima, nazo si za mtu aliyefunga hema na sufuria nyuma ya baiskeli.

Pampu ziko upande wa mfereji. Huko kuna viwanja vya kambi takribani thelathini ambavyo mpita njia halipii chochote, na kila kimoja kina meza, mahali pa kuwashia moto, choo na pampu ya mkono, kwa sharti kwamba usilale zaidi ya usiku mmoja mahali pamoja. Pampu hizo huondolewa mipini katikati ya Novemba na kurudishiwa katikati ya Aprili. Anayepita kabla ya hapo anabeba maji yake yote kutoka mji mmoja hadi mwingine, na kati ya Cumberland na Hancock, kilomita 97, miji ni haba na hata simu hupoteza mtandao mara kwa mara. Lita nne za maji ni kilo nne. Ukiongeza mzigo huo kila asubuhi kwenye baiskeli yenye vyombo vya kambi, utajua kwa nini nasema msubiri. Hata baada ya tarehe hiyo, someni matangazo ya hifadhi kabla ya kuondoka, kwa sababu pampu mojamoja huweza kuwa imefungwa, na maji yanayotoka kwenye zile zinazofanya kazi yametiwa dawa ya ayodini, hivyo msishangae ladha yake.

Sasa baridi yenyewe. Kutoka Pittsburgh njia inapanda polepole kwa zaidi ya kilomita 200 hadi mgongo wa milima, mita 729 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo maji ya upande mmoja huelekea Ghuba ya Meksiko na ya upande wa pili huelekea Ghuba ya Chesapeake. Mimi nimezaliwa Makete, kwenye mwinuko unaofika mara tatu ya huo, na nilipousoma urefu huo kwenye ramani nilicheka. Nilipofika sikucheka. Unapoondoka Washington micheri imekwisha kupukutisha maua na watu wamevaa mikono mifupi. Kule juu, karibu na Meyersdale, miti bado ni mitupu kabisa, na si ajabu theluji kuanguka hata juma la tatu la Aprili.

Tulikuwa mwishoni mwa mwezi huo, mimi na mume wangu, tumepiga hema karibu na Rockwood. Jioni ilikuwa na jua, nami nikaona busara kuzitundika glavu zilizolowa kwenye usukani zikauke. Asubuhi nilizikuta zimesimama zenyewe, vidole vimekakamaa kama mkono wa mtu anayesimamisha daladala, na mdomo wa chupa ya maji ulikuwa na ganda la barafu ambalo ilinibidi kulivunja kwa kijiko. Nilizivaa hivyohivyo kwa sababu sikuwa na nyingine, na kwa karibu saa nzima sikuweza kubana breki sawasawa. Tangu siku hiyo nabeba jozi mbili, na kitu chochote chenye unyevu nalala nacho: glavu tumboni chini ya sweta, soksi kwenye miguu ya mfuko wa kulalia. Hakipendezi, lakini asubuhi ni kikavu.

Ukinielewa hapo umeelewa sehemu kubwa ya jibu langu, maana katika safari ya namna hii baridi huingia kwa njia ya unyevu na kwa njia ya ardhi kuliko inavyoingia kwa njia ya upepo. Tuanze na ardhi. Watu hununua mfuko mzito wa kulalia wakasahau kinachotandikwa chini yake. Ukilala, uzito wako unayabana manyoya au nyuzi zilizo chini ya mgongo mpaka zinakuwa bapa kama karatasi, kwa hiyo upande wa chini mfuko hauna msaada, na ardhi ya Aprili, ambayo bado imetunza baridi ya Januari, inakunyonya joto usiku kucha. Kinachoizuia ni godoro la kujaza upepo. Magodoro haya huandikwa namba ya R, inayoonyesha jinsi yanavyozuia joto lisipotee. La kiangazi laweza kuwa na 2, nanyi tafuteni la 4 au zaidi. Kama fedha hazitoshi kununua vyote viwili mwaka huu, nunua godoro, na juu uongeze blanketi.

Mfuko wa kulalia una siri yake, na siri hiyo inawahusu wenye ndoa. Kwenye lebo ya mfuko uliopimwa kwa utaratibu wa Ulaya utaona nyuzijoto mbili. Ya juu ni kiwango cha starehe, nacho kimekadiriwa kwa mwanamke wa kawaida; ya chini ni kiwango cha mwisho, kimekadiriwa kwa mwanamume wa kawaida aliyejikunja. Maana yake ni kwamba mfuko uleule ambao mumeo anausifu kuwa "unafika sifuri" kwako wewe unaweza kukomea kwenye nyuzi 5. Hilo si deko. Waliotengeneza mfuko wenyewe wamelichapa kwenye lebo. Chukua wako wenye starehe ya nyuzi 5 chini ya sifuri, naye achukue wenye starehe ya sifuri, na mkiweza mnunue wa zipu ya kushoto na wa zipu ya kulia ili mviunganishe viwe kitanda kimoja. Mifuko iliyounganishwa ina kasoro moja: kati ya mabega ya watu wawili hubaki upenyo ambao hewa baridi huingilia kama mlangoni. Sisi tuliuziba kwa khanga iliyokunjwa mara nne, na nathubutu kusema kwamba khanga ile haijawahi kufanya kazi yenye maana zaidi tangu ilipotoka dukani. Ila usiivae mchana ukiwa kwenye baiskeli, wala fulana ya pamba, kwa sababu pamba ikishalowa haikauki njiani na inageuka kitambaa cha maji baridi mgongoni. Vaa sufu, hata ya mtumba, au nyuzi zile za michezo.

Kabla ya kulala, badilisha nguo zote na uvae zile ambazo hazijawahi kuguswa na jasho la safari hiyo. Zifunge kwenye mfuko wa plastiki mchana kutwa kana kwamba ni hati ya nyumba. Chemsha maji, yatie kwenye chupa ngumu isiyovuja, ivalishe soksi na uiweke katikati ya mapaja, ambako mishipa mikubwa ya damu hupita. Kula kitu chenye mafuta, karanga au jibini, usiku huohuo. Ukisikia haja ndogo, toka. Anayejizuia hadi alfajiri halali, anasubiri tu. Na madirisha madogo ya hema yaacheni wazi, hata kama moyo unakataa, kwa kuwa pumzi za watu wawili hutoa maji mengi, na yakikosa pa kutokea hutua juu ya kitambaa na kuwadondokea kabla ya mapambazuko.

Kuhusu jiko, mtungi wa gesi wenye butani tupu huzimia karibu na nyuzi sifuri, kwa sababu butani hukataa kugeuka mvuke kwenye baridi hiyo. Chagueni mchanganyiko wenye propani na isobutani, na asubuhi uingizeni mtungi ndani ya koti dakika kumi kabla ya kuwasha. Kamwe msipikie ndani ya hema, hata mvua ikinyesha, kwa kuwa hewa ya sumu inayotoka kwenye moto haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Chakula cha asubuhi hakina ubishi kwangu: uji wa ulezi wenye tangawizi, sukari na kijiko cha siagi ya karanga. Ugali nao hupikika haraka, lakini jaribu kuosha sufuria yenye ukoko kwa maji ya nyuzi 3 ndipo uamue. Chapati za nyumbani hukaa siku mbili au tatu katika hali hiyo ya hewa bila kuharibika.

SWALI: Mke wangu ameniambia kwamba amekuandikia, nami naona si haki usikie upande mmoja. Nimekulia Shinyanga, nikienda shule kwa Phoenix ya baba, kilomita kumi na mbili kwenda na kumi na mbili kurudi, na siku ya gulio nikiwa na gunia la mpunga kwenye keria. Njia tunayoisema haina magari wala miinuko mikali. Naona kilomita 90 kwa siku si kitu, hivyo siku sita zatosha, na nani asiyejua kwamba ukipiga pedali mwili hupata joto wenyewe? Pia naomba utueleze ni vitu gani vya baiskeli ambavyo kweli vinahitajika, kwa kuwa nimeona orodha zinazotisha mfuko.

Msomaji, Silver Spring, Maryland

JIBU: Shemeji, barua yako ilifika siku tisa baada ya ile ya mkeo, nami nimefurahi kwamba mnaulizana kupitia kwangu badala ya kununiana. Sina shaka na miguu iliyokulia Shinyanga. Shaka yangu ni kuhusu hilo joto la pedali, maana ni mkopo, na anayedai hukujia ukisimama.

Mwili unaopanda mlima hutoa jasho hata kukiwa na nyuzi 6. Jasho hilo linabaki kwenye fulana. Mkifika kwenye mgongo wa milima mtakuwa mmepanda taratibu siku nyingi, mmelowa kwa ndani bila kujijua, na kutoka hapo hadi Cumberland ni mteremko wa kilomita 38 ambao karibu wote hauhitaji pedali. Mwendo unaongezeka, upepo unaongezeka, mwili haufanyi kazi yoyote, na lile joto ulilolitegemea limekwisha. Mwanzoni mwa mteremko huo, kilomita chache tu baada ya kileleni, ndipo lilipo handaki la Big Savage, ambamo hewa ni ya baridi ya jokofu hata siku ya jua. Kwa hiyo simameni juu kabisa, kabla ya kuanza kuteremka, vueni fulana zilizolowa, vaeni kavu, kisha sweta, kisha koti la kuzuia upepo, glavu na kofia ya sufu chini ya helmeti. Mtajiona wajinga kwa dakika tano. Tulipopita sisi tuliwakuta vijana wawili Frostburg, wamevaa kaptura, wameketi kwenye sakafu ya mgahawa wamekumbatia vikombe vya chai bila kuvinywa, maana vidole vilikataa.

Usomee vilevile dalili za mwili kupoteza joto, kwa sababu mwenye tatizo huwa wa mwisho kujua. Kutetemeka ni hatua ya kwanza na bado si hatari. Mtu akianza kuburuta maneno, akashindwa kufunga zipu, akajikwaa penye tambarare au akasema amechoka na anataka kuketi tu, safari ya siku hiyo imekwisha: pigeni hema hapohapo, avuliwe nguo zilizolowa, aingie kwenye mfuko wa kulalia na apewe kinywaji cha moto chenye sukari iwapo anaweza kumeza. Jambo hili halihitaji barafu. Mvua na nyuzi 8 vinatosha kabisa, na mvua ya Aprili katika bonde la Potomac haina uchache.

Hilo linanileta kwenye kilomita 90. Kwenye Great Allegheny Passage zinawezekana, kwa kuwa uso wake ni kokoto laini za chokaa zilizoshindiliwa na maji hupita haraka. Njia ya nyumbu ni habari nyingine. Kuna sehemu zilizotengenezwa upya miaka ya karibuni, lakini zilizobaki ni udongo, mizizi na madimbwi, na baada ya siku moja ya mvua tope lake hushika tairi kama udongo wa mbugani kwenu, ule mweusi wa kulima pamba. Mtu aliyekuwa akienda kilomita 16 kwa saa anashuka hadi 9, na mkeo, ambaye hana uzito wa kusukuma kama wako, anashuka zaidi. Jua la siku hizo huzama karibu saa mbili kasorobo usiku, nanyi mnapaswa kufika kambini walau saa mbili kabla, ili mpike na mbadilishe nguo kungali mwanga. Ukizihesabu saa kwa uaminifu utapata kilomita 55 hadi 60 kwa siku, yaani siku tisa au kumi. Na katika hizo, yeye aende mbele. Anayeongoza akiwa ndiye mwenye nguvu, wa nyuma hutoka jasho akimfukuzia, kisha huganda akisubiriwa kwenye vituo. Nimeiona ndoa moja imara ikifika Cumberland haisemezani kwa sababu hiyo tu.

Iwapo likizo yako haiwezi kusogezwa, basi msiikimbilie njia nzima. Anzieni Cumberland na mteremke na mfereji hadi Georgetown, kilomita 297 kwa siku tano au sita. Mtaepuka Big Savage na sehemu zenye baridi kali zaidi, ingawa maji mtayabeba, kwa kuwa pampu zitakuwa bado. Ni njia yenye historia ya watu waliopima miguu yao katika majira hayohayo: Machi 1954 William O. Douglas, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, aliwaalika wahariri wa Washington Post watembee naye kwa miguu kutoka Cumberland, ili waone wenyewe kilichokuwa karibu kufunikwa na barabara ya magari waliyokuwa wakiiunga mkono. Walioanza walikuwa wengi. Watu tisa tu ndio waliotembea hatua zote hadi mwisho. Mfereji haukufunikwa, na mwaka 1971 ukawa hifadhi ya taifa ya kihistoria.

Kuhusu vyombo, acha orodha ndefu. Tairi ziwe pana, milimita 40 hivi, zenye mikunjo ya kushika tope. Madigadi ni lazima, lakini kati ya madigadi na tairi paingie kidole, la sivyo udongo utajaa humo na gurudumu litakwama. Beba kijiti cha kuukwangulia. Vipande vipya vya breki uvifunge kabla ya safari na vingine viwili ubebe, kwa kuwa tope lenye mchanga huvila kama msasa. Tyubu mbili, vifaa vya kuziba pancha, pampu, kiungio cha mnyororo, spoku mbili za urefu wa magurudumu yenu na mafuta ya mnyororo, ambao utafutwa na kupakwa mafuta kila jioni bila kujali uchovu. Taa nzuri haina mbadala: handaki la Paw Paw, mita 950 lililojengwa kwa matofali zaidi ya milioni sita kati ya 1836 na 1850, halina taa hata moja, na njia yake ni nyembamba kiasi kwamba baiskeli hukokotwa kwa mkono, ukuta upande mmoja na maji meusi ya mfereji upande wa pili. Kama mnatumia chujio la maji lile la mirija midogo, lilale nanyi ndani ya mfuko wa kulalia, kwa kuwa likiganda mara moja tu hupasuka ndani bila kuonyesha nje, na kuanzia hapo mnakunywa maji machafu mkidhani ni safi.

Tope likizidi, kumbukeni kwamba kati ya Little Orleans na Big Pool, kupitia Hancock, kuna njia nyingine ya reli ya zamani iliyowekwa lami, karibu kilomita 45, inayokwenda sambamba na mfereji. Wapo wanaoona kuitumia ni kudanganya. Mimi niliitumia yote, nikiimba.

SWALI: Mimi na mchumba wangu tuko Columbus, Ohio, nasi tunafikiria safari hiyohiyo mwezi wa Aprili, lakini tunaogopa kukwama. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo na kila kitu kikalowa, kuna mahali pa kukimbilia, au ndiyo tumekwisha?

Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Hamjaisha. Upande wa Great Allegheny Passage miji iko karibukaribu, na Connellsville, kilomita 97 kutoka Pittsburgh, kuna vibanda vya mbao vya kuta tatu ambapo mtu hulala bila kusimamisha hema. Ohiopyle, Confluence, Rockwood, Meyersdale na Frostburg zote zina nyumba za wageni zilizozoea watu wenye matope, na nawashauri mtenge tangu mwanzo fedha za kulala ndani usiku mmoja katika kila usiku minne, ili kukausha hema na mifuko. Usiku huo hauhesabiwi kuwa ni kushindwa. Ni sehemu ya vyombo. Upande wa mfereji zipo nyumba kadhaa za mawe walizokaa walinzi wa malango ya maji, ambazo hukodishwa kwa usiku, nyingine zikiwa na umeme na nyingine zikiwa na kitanda na kuta tu, nazo huwekewa nafasi mapema.

Njia ya kutokea ni treni. Treni ya Amtrak kati ya Pittsburgh na Washington husimama Connellsville, Cumberland na Harpers Ferry, na huchukua baiskeli kwa malipo ya ziada, mradi nafasi ya baiskeli iwe imewekwa pamoja na tiketi. Huenda mara moja tu kwa siku na hufika Pittsburgh usiku mwingi, hivyo asitegemee kuidandia mtu aliyekwisha lowa saa nne asubuhi.

Mkiitumia Harpers Ferry, iwe kwa treni au kwa kulala, kumbukeni kwamba mji uko ng'ambo ya pili ya mto Potomac, na kutoka njia ya nyumbu mnaufikia kwa daraja la reli lenye njia ya miguu ambalo hupandwa kwa ngazi za chuma za kuzunguka. Msijaribu kupanda na baiskeli iliyofungwa mizigo. Shusheni mikoba yote chini, mmoja abaki nayo, mwingine apandishe baiskeli ya kwanza begani akishika chuma kwa mkono wa ndani, kisha ya pili, kisha mikoba, na kama kuna mvua vueni glavu kwanza, kwa kuwa vile vyuma vikilowa huteleza mno.